NetCDF-Fortran: apt, conda-forge, Spack, au ujenge kwa mkono?

Saa nne usiku picha ikaingia kwenye simu: skrini ya laptop imepigwa kwa kamera, mistari sita ya mwisho ya logi, na chini yake ujumbe. "Kaka, maktaba ipo, nimeiona kwa macho yangu, lakini linka inakataa." Nikamjibu: "Mdogo wangu, kosa la mwisho halinisaidii. Nitumie la kwanza, halafu uniambie `which gfortran` na `which nf-config` zinasemaje." Majibu yakaja. Gfortran, kompaila ya Fortran, ilikuwa ya Ubuntu, `/usr/bin/gfortran`. nf-config, amri inayosema netCDF-Fortran imekaa wapi, ilitoka ndani ya miniconda, mfumo mwingine wa vifurushi. HDF5, maktaba ambayo netCDF huiegemea, alikuwa ameijenga mwenyewe wiki iliyotangulia, ikakaa folda ya tatu. Kila kipande kilikuwa kizima, ila havikuwa vikijuana.

Kisa cha namna hii nakutana nacho mara nyingi kuliko kosa lenyewe la msimbo. Ndiyo sababu nimeona niziweke meza moja njia nne za kuipata netCDF-Fortran. Zote nne zinafanya kazi. Zinapoachana ni kwenye masharti, na kwenye aina ya kosa litakalokukuta usiku ukiwa peke yako.

Kwa ambaye hajaizoea: netCDF ni muundo wa faili na maktaba yake, kutoka Unidata huko Boulder, Colorado. Anayeshughulika na hali ya hewa, bahari au tabianchi hana pa kuikwepa. Toleo la 4, la mwaka 2008, liliegemezwa juu ya HDF5, na kuanzia 4.2 upande wa Fortran ukatengwa ukawa kifurushi kinachojitegemea. Kwa hiyo anayetaka kuinua WRF au RegCM, modeli za hali ya hewa na tabianchi, anabeba mnyororo wa pete nne: zlib (ya kubana data), HDF5, netCDF-C, kisha netCDF-Fortran.

Umekwama kituo gani?

Huwezi kulinganisha njia kabla hujajua makosa yanatokea wapi. Vituo ni vitatu.

Cha kwanza ni kompaila, inayotafsiri msimbo kuwa lugha ya mashine. Ikisema `Cannot open module file 'netcdf.mod'`, haijaiona faili hiyo, basi. Iambie folda kwa `-I`. Ikisema faili iliandikwa na `a different version of GNU Fortran`, imeiona na imeikataa. Faili ya `.mod` si kama faili ya `.h` ya lugha ya C ambayo kompaila yoyote huisoma. Ni mali ya kompaila iliyoizaa. Ya gfortran haisomeki na ifx ya Intel, na hata gfortran kwa gfortran, matoleo yaliyopishana sana hayasomeani.

Cha pili ni linka, inayounganisha msimbo uliokwisha tafsiriwa na maktaba zake. Hapa kuna makosa mawili ambayo watu huyaweka kapu moja. `cannot find -lnetcdff` maana yake linka imezunguka folda zote ilizopewa na haikuikuta maktaba. `undefined reference to '__netcdf_MOD_nf90_open'` ni habari nyingine kabisa: maktaba ilizopewa imezifungua, na jina hilo halimo, au lilikuwemo lakini imeshalipita. Linka husoma kutoka kushoto kwenda kulia. Kwa maktaba za `.a`, anayeomba hutangulia na anayetoa hufuata, kwa hiyo mpangilio ni `-lnetcdff -lnetcdf -lhdf5_hl -lhdf5 -lz -lm`. Ukiugeuza, kila faili ipo na bado utapata kurasa mbili za `undefined reference`. Usiukariri lakini, `nf-config --flibs` hukuandikia mwenyewe, mradi uwe na hakika nf-config hiyo ni ya nani.

Cha tatu huja programu ikiwa tayari imejengwa: `error while loading shared libraries: libnetcdff.so.7`. Hapo kompaila na linka wamemaliza kazi zao salama. Endesha `ldd` juu ya programu yako, tafuta mstari wenye `not found`, na usiguse msimbo.

Vigezo nilivyotumia

Vitano: ruhusa unazohitaji, kompaila inayotumika ni ya nani, bando na muda, kosa ambalo njia hiyo huzaa zaidi, na kama utaweza kurudia kazi ileile miezi sita baadaye, mtahini wa nje akikuuliza.

apt (Ubuntu na Debian)

*Ruhusa.* Lazima uwe na sudo, yaani haki za msimamizi wa mfumo. Kwenye mashine ya chuo au klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa), njia hii imeshakufa.

*Kompaila.* Ya mfumo, na maktaba zimejengwa kwa hiyohiyo. Hili ndilo pato lake kubwa. Ukiandika `sudo apt install gfortran libnetcdff-dev`, kila kitu kimetoka jiko moja.

*Bando na muda.* Nafuu mno. Dakika chache, hakuna cha kukompaili.

*Kosa lake.* Ni la mahali vitu vilipo. La kwanza linashangaza: `netcdf.mod` imo `/usr/include`, lakini gfortran haiitafuti humo mpaka uiambie `-I/usr/include`. La pili huwapata wa WRF. Hati ya `configure` ya WRF inataka kigezo cha `NETCDF` kielekeze folda moja yenye `include` na `lib` ndani yake, wakati Ubuntu imeweka maktaba `/usr/lib/x86_64-linux-gnu`. HDF5 ndiyo imejificha zaidi, ndani ya `hdf5/serial`. Dawa ya kawaida ni kutengeneza folda yako na kuijaza viungo vya `ln -s` vinavyoelekea huko. Haipendezi, lakini inafanya kazi. La tatu: ukisahau kifurushi chenye `-dev` mwishoni unapata `cannot find -lnetcdff` ilhali `libnetcdff.so.7` ipo. Linka hutafuta jina lisilo na namba, na jina hilo huletwa na `-dev`.

*Kurudia.* Dhaifu. Ubuntu 22.04 ina GCC 11, 24.04 ina GCC 13; ukiboresha mfumo, msingi umebadilika chini ya miguu yako. Na usijidanganye kwamba utajenga kwenye laptop mpya kisha unakili programu kwenda klasta ya zamani. CentOS 7, iliyofikia mwisho wa huduma Juni 2024 na bado iko kwenye mashine nyingi, ina glibc (maktaba ya msingi ya C ya mfumo) 2.17. Programu ya laptop itakuambia `GLIBC_2.34 not found` na hapo hakuna bendera (chaguo la amri) ya kukuokoa.

*Inamfaa* mwenye laptop yake anayeandika programu zake ndogo za kusoma na kuandika faili za netCDF.

conda-forge

*Ruhusa.* Hakuna. conda-forge ni chaneli ya vifurushi vya programu iitwayo conda, na kila kitu kinakaa nyumbani kwako. Anza na Miniforge, inayoelekea conda-forge tangu siku ya kwanza; kwa chaneli ya msingi ya kampuni ya Anaconda, taasisi yenye watu zaidi ya 200 inaweza kudaiwa leseni.

*Kompaila.* Wengi huteleza hapa. conda ina kompaila zake, zenye majina marefu kama `x86_64-conda-linux-gnu-gfortran`, lakini haziji mpaka uziombe: `conda create -n nc -c conda-forge netcdf-fortran fortran-compiler`. Ukiwasha mazingira hayo, kigezo cha `FC` kinajazwa jina hilo refu, na `LDFLAGS` inapewa folda sahihi. Kazi yako ni kuandika `$FC`, si `gfortran`, ambayo kwa mazoea ya vidole inaweza kukupeleka kwa gfortran ya mfumo.

*Bando na muda.* Mazingira yenye kompaila hula mamia ya megabaiti, na ukiongeza vya Python hupanda haraka. Kwa mwenye bando la siku hili si dogo. Muda wenyewe ni mfupi. Tangu toleo 23.10 conda inatumia kitatuzi cha libmamba na kile kisubirisho cha zamani cha `Solving environment` kimepungua sana.

*Kosa lake.* Ni la kuvuja. Mazingira ya `base` yakijiwasha kila unapofungua terminali, folda ya conda inakaa mbele kwenye `PATH`, orodha ya folda za kutafutia amri, na kila hati ya `configure` unayoendesha kwa kazi nyingine inaokota `nc-config` ya conda bila kukuambia. Hilo ndilo lililompata kijana wa juu. Kabla ya kazi nyingine yoyote: `conda config --set auto_activate_base false`. Kuvuja kwa pili ni pale mtu anapoona kosa la kituo cha tatu, akaenda kuweka folda ya `lib` ya conda ndani ya `LD_LIBRARY_PATH`, orodha ya folda za kutafutia maktaba programu inapoendeshwa. Kosa linaisha, na bash yenyewe inaanza kulalamika kuhusu `libtinfo.so.6: no version information available`. Programu za mfumo sasa zinalishwa maktaba za conda. Mimi nilishafanya hivyo na nikaiacha ndani ya `.bashrc` wiki nzima, nikilaumu kila kitu isipokuwa mstari wangu.

Jambo jingine: kwa kawaida inakuja bila MPI, inayowezesha programu moja kuendeshwa kwenye nodi (kompyuta) nyingi kwa pamoja. Ukihitaji kuandika faili moja kutoka nodi nyingi, taja kibadala chenye `mpi_openmpi` au `mpi_mpich`, na ujue MPI hiyo si ile ya klasta yako.

*Kurudia.* Nzuri. Faili ya `environment.yml` yenye namba za matoleo inaingia kwenye kiambatisho cha tasnifu bila shida.

*Inamfaa* ambaye kazi yake kubwa iko Python, na Fortran ni kipande tu. Au aliye kwenye seva ya watu.

Spack

*Ruhusa.* Hakuna. Spack ni kisimamizi cha vifurushi kinachovijenga chenyewe; inataka Python na kompaila yoyote ya kuanzia.

*Kompaila.* Unaitaja wewe, na inaandikwa kwenye kumbukumbu ya kila kifurushi. Spack ilianzia maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, kwa ajili ya tatizo hilihili: mashine moja, kompaila nne, MPI tatu, na watu mia wanaotaka mchanganyiko wao. Andika `spack spec netcdf-fortran` kwanza. Inakuonyesha mti mzima kabla haijapakua kitu, na mti huo peke yake ni somo.

*Bando na muda.* Ghali kuliko zote. Bila akiba ya vifurushi vilivyokwisha jengwa, inajenga kila kitu kutoka msimbo chanzo, na kila kitu ni pamoja na cmake, perl na m4. Laptop ya kawaida itashinda ikivuma mchana wote. Punguza kwa `spack external find`, itumie vilivyopo kwenye mfumo, na kama huhitaji MPI sema hivyo, kwa sababu HDF5 ya Spack huja nayo usipoikataa: `spack install netcdf-fortran ^netcdf-c~mpi ^hdf5~mpi`. Intaneti ikiwa ya mashaka, `spack mirror` hukuwezesha kupakua vyanzo vyote mahali penye mtandao mzuri na kujenga kwingine.

*Kosa lake.* Ni la kuzikwa. Terminali inakuonyesha `ProcessError` na mistari michache. Ukweli uko kwenye faili la `spack-build-out.txt`, na mara nyingi pete iliyokatika si netCDF bali kitu cha tano chini yake ambacho hukujua unakihitaji. Kwa upande mwingine, kosa la kituo cha tatu karibu halipo. Spack huandika anwani za maktaba ndani ya programu yenyewe kwa RPATH, kwa hiyo `LD_LIBRARY_PATH` haina kazi.

*Kurudia.* Bora kuliko nyingine zote hapa. `spack.lock` ina kila toleo, kila chaguo na kila kompaila.

*Inamfaa* anayehudumia wengine: msimamizi wa klasta, au mwanafunzi mmoja kwenye kikundi ambaye wenzake wote humgeukia yeye.

Kwa mkono, kutoka msimbo chanzo

*Ruhusa.* Hakuna, ukitumia `--prefix=$HOME/nc`.

*Kompaila.* Yoyote uipendayo, mradi ni ileile kwa pete zote. Weka `CC` na `FC` mara moja, mwanzoni, na usifunge terminali katikati ya kazi.

*Bando na muda.* Hapa kuna jambo wengi hawalitarajii: vyanzo vya pete zote nne ni makumi ya megabaiti tu. Kwa bando, inaishinda conda kwa mbali. Muda ni saa moja au mbili mambo yakienda sawa, na wikendi yasipoenda.

*Kosa lake.* Ni yote. Lakini ni makosa yanayosomeka, nami nitakaa hapa kidogo.

Tuseme `./configure` ya netCDF-C imesimama na `Can't find or link to the hdf5 library`. Wengi wakiona hivyo hufuta HDF5 na kuijenga upya. Ujumbe unasema mambo mawili: ama sijaiona, ama nimeiona nikashindwa kuiunganisha. Jibu liko ndani ya `config.log`. Ifungue, nenda karibu na jina `hdf5`, utakuta `configure` iliandika kijiprogramu kinachoitwa `conftest.c`, kinachoita kitendakazi kimoja cha HDF5, ikajaribu kukikompaili. Chini yake kuna amri nzima ya gcc iliyotumika na kosa lenyewe. Ukikuta `cannot find -lhdf5`, hukuweka `LDFLAGS="-L$HOME/nc/lib"`. Ukikuta `undefined reference to 'deflate'`, HDF5 imeonekana vizuri sana; kilichokosekana ni zlib inayoitegemea, na dawa ni `LIBS="-lz -lm"`. Ujumbe wa juu ulikuwa mmoja. Magonjwa mawili, na dawa hazifanani hata kidogo.

Kosa jingine ni la umri. GCC 10, ya mwaka 2020, iliacha kuvumilia hoja za aina tofauti kwenye miito ya Fortran ya mtindo wa zamani. Matoleo ya zamani ya netCDF-Fortran yakajaa `Type mismatch between actual argument`. Weka `FFLAGS` na `FCFLAGS` zote mbili kuwa `-fallow-argument-mismatch`, au bora zaidi chukua toleo jipya la maktaba. GCC 14, ya 2024, ilifanya vivyo hivyo upande wa C: kuita kitendakazi kisichotangazwa, lililokuwa onyo, sasa ni kosa. Kwa hiyo mwongozo wa 2016 unaoufuata neno kwa neno unaweza kukuangusha bila wewe kukosea kitu.

Na ukiona `recompile with -fPIC`, maktaba ya `.a` uliyoijenga inaingizwa ndani ya `.so`. Rudi kwenye pete hiyo, ongeza `-fPIC` kwenye `CFLAGS`, `make clean`, jenga tena. Bila `make clean` faili za `.o` za zamani zitabaki na utaapa kwamba bendera haifanyi kazi.

*Kurudia.* Ni nzuri kama ulivyoandika. Amri zako zikiwa kwenye hati ya bash, unayo kumbukumbu kamili; zikiwa kwenye historia ya terminali, huna kitu.

*Inamfaa* mwenye WRF, kwa kuwa C na Fortran zote huingia folda moja kama `configure` yake inavyotaka. Na anayetaka kujifunza, kwa sababu aliyepita humu mara moja huyasoma makosa ya njia nyingine tatu kwa haraka.

Kwa hali yako

Laptop yako mwenyewe, sudo unayo, programu ni zako: apt. Usitafute makuu.

Unachambua data kwa xarray ya Python, na Fortran huigusa mara moja kwa mwezi: conda-forge, mazingira yake peke yake, `base` imezimwa.

Una akaunti kwenye klasta, mathalani Lengau ya CHPC, kituo cha kompyuta kubwa kule Cape Town: usijenge lolote kabla ya `module avail`. Pengine wenyeji wameshaijenga netCDF kwa kompaila na MPI ya pale. Ikiwepo, pakia moduli hiyo pamoja na ya kompaila iliyoijengea. Isipokuwepo, Spack kama mko wengi, mkono kama uko peke yako.

Unajenga WRF kwenye mashine isiyo ya klasta: mkono. Ukiendesha `./compile em_real >& log.compile`, kumbuka haisimami kwenye kosa la kwanza. Inaendelea mpaka mwisho, halafu unakuta hakuna `wrf.exe`. Tafuta `Error` ya kwanza kutoka juu ya logi.

Bando ni la wasiwasi: apt, au mkono. Spack iache mpaka ufike chuoni.

Na kama tayari umeshachanganya, kama yule kijana, usiendelee kuongeza bendera. Fungua terminali tupu kwa `env -i HOME=$HOME PATH=/usr/bin:/bin bash --noprofile --norc`, futa folda ya kujengea (si ya msimbo wako), angalia `which` kwa gfortran, nc-config na nf-config, kisha uanze na pete ya kwanza. Yeye aliamua kwenda kwa mkono. Saa saba kasoro usiku akanitumia picha nyingine, safari hii `ls` tu, `wrf.exe` ikiwa ndani yake.